Kampala Walisema Niko Tabora

Kifua changu kimetulia. Naanza na hilo ili wewe unayesoma ukiwa umelalia ubavu, ukisubiri sindano ya asubuhi, usipoteze pumzi kujiuliza kama nilipona. Nilipona. Pafu la kulia limebaki na kovu, nikipanda mlima napumzika katikati, na gizani natembea kwa kushika ukuta kwa sababu zile sindano ziliniharibia msimamo wa mwili. Lakini jioni nafundisha kisomo cha watu wazima Itetemia, nasimama ubaoni mpaka somo liishe, na sauti yangu inafika benchi la nyuma.

Sitaandika habari za vijidudu. Hizo waachie madaktari. Nawaandikia vijana wetu wanaosoma nchi za jirani, ambao wameambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba wakiugua watatibiwa. Ni kweli mtatibiwa. Lakini kwanza lazima mtu fulani akubali kwamba mpo. Mimi kuna miezi ambayo sikuwepo popote, na aliyenifuta ni mama yangu mzazi. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa upole, nimeshindwa.

Nilikwenda Kampala mwaka uliofuata Azimio la Arusha, kusomea ualimu wa sayansi, wakati ambapo msichana wa Kanyenye, mtaa wetu wa Tabora, kuvuka mpaka kwa ajili ya vitabu lilikuwa jambo la mtaa mzima. Baba yangu ni seremala wa vitanda. Siku ya safari alifunga karakana, jambo ambalo hata sikukuu huwa linamshinda, na majirani wakanisindikiza mpaka stesheni. Mama alivaa kanga mpya na kumweleza kila aliyemsikiliza, na wengine wasiomsikiliza, kwamba Zena wake atarudi na digrii. Nayasema haya mjue alikuwa na kitu cha kulinda.

Chuo kilikuwa na zahanati yake. Mwanafunzi akiumwa alitibiwa, awe wa pale pale, wa Kenya au wa kwetu, na hakuna aliyeuliza umetoka wapi. Tulijivunia hilo. Siku zile nchi zetu tatu zilikuwa na posta moja, reli moja na stempu moja, nasi tuliona ni haki tuwe na sindano moja.

Kikohozi kilinianza mwaka wa pili, mvua zilipokuwa zikiisha. Nikadhani ni baridi ya kule. Ikafuata homa ya jioni, kisha jasho la kulowesha shuka, sketi zikaanza kunizunguka kiunoni, na siku moja maabara nikakohoa kwenye leso nikaona wekundu. Mwenzangu wa mezani akasogeza kiti chake. Mpaka leo nikisikia mguu wa kiti ukikwaruza sakafu moyo unanishtuka.

Walinilaza. Sindano kila asubuhi, vidonge kila mlo, makalio yakawa magumu hata kukaa ni kazi. Lakini homa ilikata, nikaanza kusikia ladha ya chakula, na uso ukarudi kufanana nami. Ndipo mlezi wa wanafunzi wa kike akaja kukaa ukingoni mwa kitanda changu. Alikuwa mama mwenye huruma na maneno laini. Akanieleza kwamba zahanati ya chuo ni ya magonjwa mafupi, na kwamba mgonjwa wa matibabu marefu hupelekwa kwao.

"Nafasi yako tutakutunzia," akasema. "Na kwenu wataendelea pale pale tulipoishia sisi. Serikali zetu zimekwisha kupatana."

Nikamwamini. Nikasafiri kwa meli ya ziwani mpaka Mwanza, kisha kwa treni mpaka Tabora, nikiwa na vidonge vya njiani tu na cheti cha daktari. Nilifika mwisho wa kiangazi, mji mzima vumbi, na sikumwona mtu wa mtaani kwetu kwa sababu treni iliingia alfajiri na Mama alikuja peke yake kunipokea. Alinikumbatia, akanigusa mabega, akagusa mifupa. Kisha akanifunika kanga yake kichwani mpaka usoni, akasema vumbi la asubuhi ni baya kwa kifua.

Kesho yake tulikwenda hospitali, mimi na yeye. Wanaoijua ile baraza wanaijua: benchi la zege, watu wamekaa tangu swala ya alfajiri, kila mmoja amekwisha kumsimulia mwenzake ugonjwa wake mpaka hakuna jipya. Bibi mmoja wa Kigwa aliyekuja na treni alinigawia matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, nikavimung'unya polepole. Nakumbuka niliwaza kwamba hapa nitapona, kwa sababu hapa mtu asiyekujua anakupa chakula.

Karani alikisoma cheti changu, akanirudishia bila kuandika jina langu popote, na kunieleza mambo bila ubaya wowote. Dawa za kifua, alisema, hapewi mpita njia, kwa kuwa mgonjwa akianza kisha akakatiza anajidhuru na anaambukiza wengine. Anaandikishwa mkazi, mtu mwenye nyumba inayojulikana, ili siku akikosa sindano afuatwe mlangoni. Mwanafunzi wa nje yuko kwenye hesabu za nchi anakosoma. Ila isitutie wasiwasi. Mjumbe wetu wa nyumba kumi aje tu aseme kwa kinywa chake kwamba Zena amerudi na anaishi kwao, sindano itaanza siku hiyo hiyo. Kama inavyotakiwa, na ofisi ya elimu itaarifiwa, na Kampala nao watajua mwanafunzi wao yuko kwenye matibabu, nafasi yake isiguswe.

Nilitoka pale nikicheka. Mjumbe wetu alikuwa Bi Chausiku, Mzaramo, mjane wa mfanyakazi wa reli, jirani wa ukuta kwa ukuta na mtani wetu. Tangu babu zetu wa Kinyamwezi walipokuwa wakibeba mizigo ya misafara mpaka pwani na kulala kwa Wazaramo, sisi na wao ni watani. Wao hutuita wapagazi, sisi huwaita wala nazi. Tukifiwa, wao ndio wanaokuja kuvuruga kilio kwa vichekesho na kushika jembe la kaburi. Tukioza, wanaziba mlango mpaka wapewe haki yao. Mtu wa namna hiyo kumwita ni kupaza sauti juu ya ukuta.

Mama hakucheka. Njia nzima alitembea mbele yangu.

Nilipofika nyumbani nilikuta mkeka wangu umehamishiwa chumba cha nyuma, kile Baba anachokaushia mbao za mninga. Mama akasema kuna hewa zaidi. Usiku huo mdogo wangu Sikujua akaniambia habari ambayo hawakuniandikia: ameposwa na watu wa Ujiji, wafanyabiashara wa samaki na mawese, watu wa heshima, na ujumbe wao utakuja baada ya mvua za kwanza. Aliniambia huku akitabasamu na kunitazama mikono, nami nikampongeza kwa moyo wote.

Mama alikuwa na dada aliyekufa kwa kifua zamani, enzi za Mwingereza. Mabinti wa dada huyo wamezeekea nyumbani kwao. Hakuna aliyewahi kusema ni kwa nini, na hakuna asiyejua.

Nikaanza kumsubiri Bi Chausiku. Mama akasema amekwenda Dar es Salaam msibani. Baadaye akasema amerudi lakini ana wageni. Kisha akasema amekwisha kwenda hospitali kuzungumza, sasa tunangoja watuite. Mimi nilikuwa mtoto wa kuamini mama yake, na sioni aibu kusema hivyo, maana aibu si yangu. Vidonge vya Kampala vilikwisha. Mama akanipa asali na vitunguu saumu, supu ya njiwa, maziwa ya asubuhi, mizizi aliyoitafuta mwenyewe porini. Alinikanda mgongo, aliniogesha, alinichana nywele zilizokuwa zikikatikia kwenye kitana. Akanifundisha kukohoa nikiwa nimekandamiza uso kwenye mto, wageni wasishtuke.

Homa ya jioni ikarudi. Ikaja mvua ya kwanza, uyoga ukaanza kuuzwa mitaani, harufu yake ikanifikia nikiwa nimelala. Nilikuwa nikiweza kuingiza vidole viwili kwenye shimo la nyuma ya mfupa wa bega. Matiti yalikwisha kifuani, kucha zikawa na rangi ya majivu. Baba alikuwa akiingia kuchagua mbao, anakaa nazo mkononi bila kuchagua, halafu anatoka. Ni mtu wa maneno machache, na siku zile hata hayo machache aliyaacha karakana.

Siku moja baada ya adhuhuri nikasikia sauti uani.

"Hodi, wapagazi. Mmeshatua mizigo?"

Ilikuwa sauti ya Bi Chausiku. Nikajiinua kwa viwiko. Nikajua sasa wameniitia mjumbe.

"Karibu, mla nazi," Mama akajibu. "Leo umepotea njia?"

Wakataniana kidogo kama kawaida yao. Kisha Bi Chausiku akasema ofisi ya elimu imemtuma aulize. Kampala wanasema Zena amerudi Tabora kutibiwa, hospitali ya hapa haina habari zake, sasa wao wanataka kujua kwa mjumbe: huyu binti yuko wapi?

Nilifungua kinywa nijibu mwenyewe. Lakini Mama alikuwa mwepesi kuliko mimi.

"Zena yuko Kampala," akasema. "Waambie wamtafute vizuri, Kampala ni kubwa. Au umeishiwa wachumba wa kuwaoza wanao, unamtaka wangu?"

"Mimi Mnyamwezi simwozi, namzika. Hiyo ndiyo haki yangu."

Wakacheka wote wawili. Bi Chausiku akaaga, akaenda kuwajibu wenye ofisi kwa nia njema kabisa kwamba mtoto hayupo. Nani angeshuku? Kwa mtani mtu husema lolote, na ndiyo maana hata uongo ukitiwa humo hauonekani. Mama alilijua hilo. Aliuficha uongo wake ndani ya kitu ambacho wazee wetu walikiweka ili watu wa mbali wasaidiane.

Alipoingia na uji nikamwambia nimesikia. Hakukana. Alikoroga uji muda mrefu, kisha akasema nivumilie mpaka watu wa Ujiji waje na kuondoka. Wakishaondoka tu, atamwita Bi Chausiku mwenyewe.

"Na mimi nikifa kabla?"

"Usiseme hivyo."

"Mama, nauliza."

Akaweka kikombe chini. "Wewe umesoma, Zena. Una kitabu chako, una Kampala yako. Mdogo wako Sikujua ana nini zaidi ya kuolewa?"

Mtauliza kwa nini sikutoka. Wanafunzi wangu wa kisomo nao huniuliza. Mwanzoni nilikuwa na nguvu za kutoka lakini sikuwa na sababu, kwa kuwa nilikuwa nikiamini. Nilipopata sababu, nguvu hazikuwepo, za kutembea wala za kupaza sauti juu ya ukuta. Kwenda chooni tu nilishika ukuta na kupumzika katikati ya ua. Na kuna jambo jingine ambalo mwenye mama atalielewa. Mikono ile ile iliyokuwa ikinificha ndiyo iliyokuwa ikinilisha. Nilikuwa nikiichukia na kuingoja.

Watu wa Ujiji walikuja kwa treni, wanaume wazee na wanawake wenye sauti za kujiamini. Tangu asubuhi nyumba ilinuka pilau. Mdogo wangu Sikujua aliingia kwangu akiwa amepambwa, mikono imepakwa hina, akakaa ukingoni mwa mkeka. Alikuwa mzuri sana. Akanishika mkono kwa mara ya kwanza tangu nirudi.

"Dada," akasema, "leo tu."

Nikamwitikia kwa kichwa. Akanisogezea mto.

Kupitia mlango nilisikia salamu, shikamoo na marahaba, dua, vikombe. Kisha kelele na vicheko mlangoni: Bi Chausiku amekuja kama mtani, amevaa gunia juu ya gauni, amejilaza kizingitini. Anawaambia wageni kwamba hapa hapiti mtu mpaka haki yake itolewe, kwamba binti wanayemtaka ni mjukuu wa wapagazi na usiku atawabebea hata godoro wakimbie naye Ujiji kwa miguu. Wageni walicheka, na Mama alicheka kwa sauti kuliko wote.

Kikohozi kikanipanda. Nikakandamiza mto. Nikasikia ladha ya chuma kinywani, nikaona mto unabadilika rangi, na nikaelewa kwa utulivu kabisa kwamba Mama hatamwita Bi Chausiku baada ya wageni kuondoka. Baada ya posa kuna mahari, baada ya mahari kuna nikaha, baada ya nikaha kuna mimba ya kwanza. Kila siku kutakuwa na "leo tu". Nikauondoa mto usoni. Nikakohoa kama mtu aliyeko nyumbani kwao.

Vicheko vikakatika.

"Huyo nani?" Bi Chausiku akauliza.

Mama akasema ni kwa jirani.

"Jirani yupi? Hizi nyumba kumi nazihesabu mimi."

Aliingia akiwa na gunia lake. Akasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, akaniangalia, akaangalia mto, akaangalia bakuli la majivu nililokuwa nikitemea na uji uliokauka kikombeni. Sidhani alihitaji kuelezwa.

"Zena," akasema taratibu. "Kumbe wewe ndiye uliyeko Kampala."

Nyuma yake Mama alikuwa akiwaeleza wageni haraka haraka kwamba binti yake mkubwa ameshuka na treni ya leo alfajiri, amepata homa njiani, walikuwa hawajapata nafasi ya kusema. Nikamtazama Bi Chausiku. Angeweza kumuumbua pale pale. Badala yake alijifunga gunia vizuri kiunoni, akageuka kwa wageni, akasema kwa sauti yake ya utani kwamba haki yake ameiona. Miaka yote Wanyamwezi wamebebea watu mizigo, leo Mzaramo atawabebea wao. Wageni hawakujua wacheke au wanyamaze. Baba akainuka. Akaenda karakana, akatoa mkokoteni anaopelekea vitanda kwa wateja, akatandika koti lake la sikukuu, akanibeba mwenyewe na kuniweka juu. Tulipita katikati ya wageni hivyo, mbele Bi Chausiku na gunia, nyuma Baba anasukuma.

Hospitali alisema maneno machache. "Anaishi katika nyumba zangu kumi. Niliulizwa nikasema hayupo, naye yupo." Karani akachovya kalamu, na siku hiyo hiyo nikachomwa sindano.

Miezi iliyofuata naihesabu kwa majira. Nilianza sindano mahindi yakiwa magotini. Nilipoanza kutembea bila kushikwa yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Baridi ya kiangazi ikaingia, zikafuata asali mpya na joto la kabla ya mvua, na mimi bado nikiwa kitanda cha dirishani. Sindano zilinitia mvumo masikioni na kizunguzungu. Dunia ikawa inateleza nikigeuza kichwa. Vidonge vilinigeuza tumbo. Nikilia, dresa aliyekuwa akituchoma, mtu wa Sikonge, aliniambia lia lakini geuka, sindano haingoji. Ilikuwa huruma ya aina yake na ilinisaidia kuliko pole nyingi.

Kuna wema mdogo mdogo ambao sitausahau. Baba alinitengenezea kiegemeo cha mninga, kwa kuwa nikilala chali nilikosa pumzi. Alikuja nacho siku ya kuona wagonjwa, akakipachika nyuma ya mgongo wangu, akakipima kwa kiganja, akarudi nacho kukipunguza, akakileta tena. Hakuniomba radhi kwa mdomo. Bi Chausiku alikuwa akiingia wodini akitangaza kwamba amekuja kupima urefu wangu kwa ajili ya kaburi, na kila wiki analalamika kwamba nanenepa namharibia vipimo. Wagonjwa wapya walishtuka. Sisi wa zamani tulicheka mpaka tukakohoa.

Mama alikuja kila siku na chakula. Sitamnyima haki hiyo. Alikuja mvua na jua, akaketi, akafungua bakuli. Tulizungumza habari za chumvi. Watu wa Ujiji walikwenda wakatafakari, kisha wakarudi. Walikuwa wameridhika kwamba ugonjwa ni wa Kampala, umekuja na treni, haukuota katika nyumba ile. Mdogo wangu Sikujua akaolewa nikiwa bado wodini. Alinitumia sahani ya pilau yenye kitambaa cheupe juu. Hakuja mwenyewe.

Nilitoka mvua za pili zikianza, nikiwa na vidonge vya kumalizia nyumbani, na jambo la kwanza nililofanya ni kwenda ofisi ya elimu kuuliza habari ya kurudi chuoni. Mama alitaka kunisindikiza, nikamkubalia. Nilidhani, na nilitaka sana kudhani, kwamba anakuja kunisaidia.

Afisa alikuwa kijana mpole. Alisema mapatano ya nchi zetu yanamlinda mwanafunzi anayeugua: gharama ni za serikali, nafasi yake inangoja, hata ikichukua miaka. Kwangu kuna tatizo moja. Tangu nilipoondoka Kampala mpaka nilipolazwa Tabora kuna miezi ambayo Kampala walisema niko Tabora na Tabora wakasema niko Kampala. Mwanafunzi asiyekuwa kwenye matibabu popote, na asiyekuwa darasani, huhesabiwa ameacha masomo kwa hiari yake. Mjumbe hawezi kusaidia, kwa kuwa ni yeye aliyesema sipo, na ofisi haiwezi kuchukua maneno mawili kutoka kinywa kimoja. Anayeweza ni mzazi aliyenipokea stesheni.

Akamgeukia Mama kwa heshima. "Mama, Zena alipotoka Kampala alikuja moja kwa moja nyumbani, akiwa mgonjwa? Ukisema ndiyo, naandika barua leo."

Neno moja tu. Nilimtazama Mama. Alikuwa ameinamia pindo la kanga yake, analikunja na kulikunjua. Najua alichokuwa akikiona: Ujiji, nyumba ya mkwe, mwanawe mwenye mimba, watu wakisimuliana kwamba ule ugonjwa haukuja na treni ya alfajiri, ulikuwa umelazwa nyuma ya ukuta wakati wao wanakula pilau. Nilikiona pia. Nikangoja hata hivyo.

"Mimi mambo ya ofisi siyajui, mwanangu," akamwambia afisa.

Afisa akanigeukia mimi. Ningeweza kusema. Nilisema. Nilimweleza kila kitu, chumba cha nyuma na mto na uji, na alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama Mama tena, naye Mama akawa bado anakunja pindo. Kijana wa watu akafunga faili. Alisema anasikitika, nami naamini alisikitika.

Kwa hiyo wewe uliyeko ng'ambo, nisikilize. Ukirudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa, usishuke stesheni umefunikwa uso. Shuka mchana. Pita kwa mjumbe kabla hujafika kwenu, mwamkie, akuone kwa macho yake. Pita msikitini, pita kanisani, pita sokoni, kila mtu akuone na akuulize una nini, nawe useme jina la ugonjwa. Serikali mbili zinaweza kupatana juu yako. Lakini aliyesimama mlangoni mwa nyumba yenu ndiye atakayeulizwa kama upo, na mapenzi yake yasikufanye uache kumhakiki.

Tulirudi kwa miguu kutoka ofisini. Njia nzima Mama alitembea kando yangu, polepole, akinisubiri nipumzike kila nilipohitaji. Tulipofika Kanyenye tulimkuta Bi Chausiku kizingitini kwake anachagua mchele. Akauliza mambo ya ofisi yamekwendaje.

"Zena amekataa kurudi Kampala," Mama akasema. "Amependa akae nyumbani."

Alisema mbele yangu, nimesimama pale, kivuli changu kimegusa miguu yake.

"Sikukataa," nikasema. "Bi Chausiku, shikamoo. Mimi sikukataa. Mama ameulizwa kama nilikuwa hapa, hakujibu."

Mama akaingia ndani. Bi Chausiku aliniangalia, akaangalia mlango alioingia Mama, mkono umesimama juu ya ungo. Nikangoja aniite mpagazi, aseme neno lolote la kutuchekesha tuweze kuendelea na siku. Akasogea kizingitini, akanipa nafasi nikae. Hakunitania.